Breki Ziko Sawa

Watu wakitaka kumsifu Fundi mbele yangu nawaambia wasubiri kwanza nitoke. Si kwamba namchukia. Ningemchukia ingekuwa rahisi. Nimemjua mtu huyu tangu nilipoolewa hapa Musoma, nimekula kwake, mwanangu alijifunza kusimama kwa kushika bampa za magari kwenye gereji yake, halafu anatokea mtu na sifa nusu. Kwa hiyo nitamweleza mzima, na atakayekasirika akasirike.

Jina lake siandiki. Hapa Nyasho mafundi wamejaa mtaa mzima, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno watu wanajua ni yule. Alizaliwa wapi, babu yake alikuja na nani, hayo waulize wengine.

Naandika sasa kwa sababu kuna harusi Bunda. Wanataka gari lake limbebe bibi harusi, Fundi mwenyewe aendeshe, mume wangu akae pembeni yake, na binti yetu Nyangeta apakatwe na baba yake ili atoke woga. Atoke woga, hayo ni maneno ya mume wangu. Woga wenyewe aliupata ndani ya gari hilohilo. Siku hizi Nyangeta akiona mlango wa gari umefunguliwa, gari la mtu yeyote, anashika bega lake la kushoto anasimama hapohapo. Ukimvuta anajisaidia. Kwa bibi yake Mugango hatujaenda tangu siku ile. Na hao watu wanataka apande tena, wakati mimi kuna kitu kimoja ambacho hadi juzi nilikuwa sijajibiwa.

Tuanze na mikono yake. Mwili wa Fundi ni mwembamba, ovaroli inamning'inia, kofia ya kufuma haitoki kichwani, lakini mikono ni ya mtu mwingine, mikubwa, vidole vimechubuka na kupona mpaka havina alama tena. Nimemwona akiingiza mkono kwenye injini mahali ambapo jicho haliingii, akapapasa, akasema, "Bolti ya huku ilifungwa na mtu mwenye hasira." Dereva akacheka, akakubali kwamba aliifunga siku aliyogombana na tajiri wake.

Ana miiko yake. Spana hairukwi. Ukiruka spana iliyolala chini anakurudisha uruke tena kinyume, hata uwe mteja mwenye suti. Chai anainywea kwenye kifuniko cha chupa, akichuchumaa, mgongo umeegemea tairi. Ijumaa anafunga gereji saa sita, anaoga, anavaa kanzu, na ukimkuta njiani ukamwuliza habari ya gari lako anakujibu, "Gari limelala. Na wewe kalale." Haongei kwa sauti. Mume wangu alijifunza kazi kwake, na anasema hajawahi kumsikia akipaza sauti, na ndiyo maana vijana wote walikuwa wanamwogopa.

Mimi aliniitaga mwanangu. Akiniita Mama Nyangeta najua nimemkera.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la zamani, milango miwili, usukani kushoto, pua ndefu, injini ya silinda nane. Mhandisi mmoja wa mgodini alilileta la kutembelea mwisho wa wiki. Barabara ya mawe upande wa Butiama ikalipasua tumbo, akaliacha hapo, mkataba ukaisha akaenda kwao. Watu wa Mara wakafanya wanachofanyaga na kitu kisicho na mwenyewe. Fundi alipolipata lilikuwa ganda. Kila kitu kinachofunguka kilikuwa kimefunguliwa.

Mtu mwingine angelijaza vipuri vya Kijapani akaendelea na maisha yake. Yeye akaanza kutafuta vya gari lenyewe, nyumba kwa nyumba. Kioo cha pembeni alikikuta Bunda kwa kinyozi, kinaonyesha watu visogo vyao. Kiti cha nyuma kilikuwa Butiama kwa mzee mmoja, wanakikalia wanaoleta mashauri, na mzee alikataa kukitoa mpaka Fundi alipomtengenezea benchi la kuegemea. Kifuniko kimoja cha ringi, vile vinavyong'aa, kilikuwa Mugeta, kuku wa bibi fulani wananywea maji. Mume wangu alikuwepo siku hiyo. Anasema Fundi alikiosha kile kifuniko kwenye ndoo, akakisugua kwa jivu, akakifuta kwa kofia yake mwenyewe, bibi anamtazama tu. Mwisho bibi akamwambia, "Baba, kama unakipenda hivyo si ungekiposa." Fundi akamjibu, "Mahari yake ni nini?" Bibi akataka karai jipya. Kuku wakapata karai.

Ndivyo ilivyokuwa miaka yote niliyomjua. Watu walikuwa wanamcheka. Mimi nilikuwa simcheki, nilikuwa napenda. Nasema ukweli. Mtaa mzima unaishi kwa kuunga, waya hapa, mpira wa tyubu pale, na katikati yake mtu mmoja amekataa kuunga. Alikuwa na msemo wake: "Kipuri cha kuazima hakijui nyumbani."

Nilimfaa kwa jambo moja. Nimesoma hadi kidato cha nne, na Kiingereza ndicho kilichonibakia kuliko hesabu. Fundi alikuwa anaangalia kwenye simu video za wazee wa Marekani wanaofufua magari ya aina ile, na haelewi wanachosema. Basi alasiri nikimaliza kufua nakwenda gereji na mtoto, nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, namtafsiria. Siku niliyomwambia kwamba kwao yanaitwa magari ya misuli alicheka mpaka akakaa chini. "Misuli," akasema. "Sasa ya kwetu ndiyo yanaitwaje, ya mifupa?"

Kilichomshika zaidi hakikuwa mbio. Kilikuwa kiwanda. Detroit, ambayo anaitamka Ditroiti, anaijua kuliko watu wanavyoijua Mwanza. Aliniamuru nirudie mara nyingi zile picha za zamani ambapo gari linatembea na watu wamesimama. Kila mtu na bolti yake. Huyu anatia mlango, yule anakaza, mwingine anapita na kalamu ya nta ya njano anatia alama kwamba amekagua. Nilipomsomea kwamba wengi wao walikuwa watu weusi waliotoka kusini kwenye mashamba ya pamba, alizima simu. Akakaa. Huku kwetu Bunda nako ni pamba, kila mtu anaijua pamba inavyochana vidole.

"Wametoka kuchuma pamba," akasema, "wakatengeneza hii."

"Ndiyo, Fundi."

"Hakuna aliyewaambia hawawezi?"

"Watakuwa waliambiwa."

"Hm. Weka tena."

Chini ya boneti, kwenye ule ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya dereva, kuna alama ya nta ya njano. Mstari uliopinda na herufi moja ambayo hatukukubaliana ni ipi. Mkaguzi wa kule aliandika akaenda zake. Gari likavuka bahari, likatelekezwa, likaibwa kila kitu, alama ikabaki. Fundi aliikataza isiguswe na kitambaa. Vijana wanaoanza kazi aliwapitisha pale wasalimie. Shikamoo kabisa, na mtu usicheke. Mimi mwenyewe niliwahi kuisalimia. "Angalia alivyoandika," ananiambiaga, "alikuwa na haraka, chakula cha mchana kilikuwa kimekaribia."

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana ni wa mtu huyohuyo.

Siku moja dereva wa basi dogo la Bunda alileta gari kubadilisha taa. Taa tu. Abiria walikuwa wanamsubiri stendi. Fundi akalisogeza gari, akakanyaga breki, akashuka na ufunguo. Akasema gari halitoki, breki za nyuma zimekwisha. Dereva akaanza na utani, akaenda kwenye kuomba, akafika kwenye matusi. Alimtukana mama yake. Nilikuwepo, mtoto mgongoni. Fundi akavua kofia, akautia ufunguo ndani ya kofia, akaivaa tena kichwani na kuendelea na kazi.

"Wewe ni trafiki?" dereva akamwuliza.

"Hapana."

"Ni baba yangu?"

"Ningekuwa baba yako ningekuchapa. Kakae kwenye ndoo pale, tunakufungia mpya, utaenda."

Dereva alikaa kwenye ndoo. Ndoo yangu. Na alipokuwa anaondoka Fundi alimwambia neno ambalo mume wangu alikuja kulirudia nyumbani kama sala: "Injini ikifa utachelewa. Breki ikifa hutachelewa tena popote."

Basi mtu aliyesema maneno hayo ndiye huyu nitakayemweleza sasa.

Kitu cha mwisho alichokosa kwenye gari lake kilikuwa kile kisilinda kikuu cha breki, mafundi wanakiita masta. Ukikanyaga pedali, chenyewe ndicho kinachosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu. Alikitafuta muda mrefu. Kikapatikana Mugango, kwa baba yangu mdogo, tena kwa mdomo wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyesema kwamba kwenye mtumbwi wake kuna chuma cha ajabu alichokifunga pamoja na mawe kuwa nanga. Tulikwenda wote. Baba mdogo akakivuta kutoka majini, kina utelezi wa kijani, akakitupa mchangani.

"Hiki?" akamwuliza Fundi. "Hiki kimelala ziwani mwaka nenda mwaka rudi. Kimekula maji hadi ndani. Kitakufaa nini, mzee mwenzangu?"

Fundi alikuwa anakifuta kwa kofia.

Alikisugua kwa msasa mwembamba kwa wiki nyingi. Ndani ya kile chuma kulikuwa na vishimo, niliviona kwa macho yangu, vidogo kama alama za ndui. Raba inayosukuma mafuta humo ndani ikipita juu ya vishimo inajikata. Hilo hata mimi ambaye si fundi nalijua, kwa sababu alinifundisha mwenyewe.

Halafu ikaja ile video. Mzee mmoja wa kule, shati la maua, ameshika masta kama ileile. Anaeleza kwamba hii ya zamani ina chumba kimoja. Mafuta ya breki zote, za mbele na za nyuma, yanasukumwa kutoka chumba hichohicho, na raba ikikatika, gurudumu hata moja halina breki. Akaonyesha nyingine yenye vyumba viwili, kimoja kikifa kingine kinabaki. Akasema viwanda vyenyewe viliiacha ya chumba kimoja vikahamia ya viwili. Nilitafsiri neno kwa neno. Nilisimamisha picha nikamwonyesha kwa kidole.

"Fundi, umesikia?"

"Nimesikia."

"Wao wenyewe waliacha."

"Nimesikia, Mama Nyangeta. Peleka mbele, pale kwenye injini."

Nikapeleka mbele. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yetu na spana mkononi, na yeye alisikia. Usiku wake alisema angemshauri Fundi watie ya basi, vyumba viwili, inakaa vizuri tu. Sijui kama alimshauri. Kumshauri Fundi kwake ilikuwa kama kumvua kofia.

Siku ya kwanza gari kuingia barabarani ilikuwa harusi ya kijana wao mmoja wa gereji, Butiama. Lilipanda vizuri, likambeba bibi harusi, watoto walikimbia nalo mpaka pumzi zikaisha. Mimi nilikwenda na basi la wageni. Kurudi, mume wangu akawa ameshamweka Nyangeta mbele kwenye gari la Fundi, mtoto ana furaha, anapunga mkono. Nilikwenda kwenye dirisha la dereva.

"Fundi, ile masta ulibadilisha?"

Wazazi wa bibi harusi wamesimama pale. Mama mmoja ananisukuma bega, "Panda tu, mwanangu, jua litakumaliza." Fundi akaweka mikono yake yote miwili kwenye usukani.

"Breki ziko sawa, mwanangu," akasema.

Mimi sikuuliza kama ziko sawa. Niliuliza kama alibadilisha. Lakini aliniita mwanangu, na mbele ya wakwe za watu huwezi kumwuliza mzee swali moja mara mbili. Nikaingia nyuma, nikamchukua mtoto wangu mapajani. Sikuwa tayari kumwacha aende peke yake na wanaume wawili wanaopenda chuma.

Tulikuwa tunashuka kurudi barabara kuu. Injini ilikuwa inanguruma kwa raha, mume wangu ametoa kiwiko nje. Mbele ng'ombe wakaanza kuvuka, na nyuma ya ng'ombe mwanamke na ndoo kichwani. Fundi akakanyaga. Nilimwona goti linavyoshuka, likashuka, likafika mwisho. Akakanyaga tena. Hakusema breki hakuna. Alisema, "Mshike mtoto," kwa sauti yake ileile ya chini.

Akatia gia ndogo, injini ikapiga kelele ambayo Nyangeta mpaka leo anaiiga usingizini. Mwanamke alikuwa ameona, ametupa ndoo, lakini ng'ombe hawajui kukimbia pembeni. Kushoto kulikuwa na ukingo wa mawe. Akalipeleka gari kwenye ukingo. Kumbukeni usukani wa gari lile uko kushoto. Upande aliougonganisha na mawe ni upande wake mwenyewe. Bati lililia mwamba kwa mwamba, ule ubavu alioupiga msasa kwa mikono kwa miaka, kile kioo cha kinyozi wa Bunda kikaruka, tukatoboa ua la katani, tukalala kwenye shamba la mihogo.

Ng'ombe hawakuguswa. Yule mama alikuwa barabarani anaokota ndoo yake.

Nyangeta hakulia mara moja. Alikuwa ananitazama. Nilipomwinua mkono wa kushoto ndipo akalia, na nikaona mfupa wa mtulinga umesimama mahali pasipo pake.

Fundi alitoka kwa kupitia dirishani, damu paji la uso, na hilo nitampa: hakuligeukia gari hata mara moja. Alikuja moja kwa moja upande wangu akanyoosha ile mikono amchukue mtoto. Nikamwambia asimguse. Akairudisha. Tulikwenda hospitali Musoma juu ya lori la nyanya, na mtoto alilia kila lilipofunga breki.

Mtu alikuwa amepiga video. Ikazunguka kwenye magrupu ya simu, na ndipo sifa zilipoanza. Nilikwenda Mwigobero kununua furu wa mchuzi wa mtoto, wauza samaki wakanishika mkono. "Umeona mtu? Kaitoa gari yake sadaka." "Kaweka upande wake kwenye jiwe." "Angekuwa mwingine angewaua nyote."

"Angekuwa mwingine angebadilisha masta," nikasema.

Wakanitazama kama mtu aliyetemea chakula. Mama mmoja akasema, "Kijana, mwenye shukrani anaongezewa." Nikamwambia aniongezee samaki basi. Hakuongeza.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mume wangu anasema Fundi alituokoa. Namwuliza, alituokoa na nini? Moto akiwasha mtu, akauzima mwenyewe kwa koti lake la thamani, tunalishangilia koti. Sikatai kwamba koti limeungua.

Fundi alimtuma mkewe na sukari na kuku. Sukari tulikunywa. Kuku sikumchinja, yupo, anataga. Yeye mwenyewe hakuja. Bega lilifungwa, likafunguliwa, likapona, na bado hakuja, na mume wangu kila jioni anarudi na habari za gari: wamelinyoosha, wamelipiga msasa, injini haikuguswa. Kisha akaja na hiyo harusi ya Bunda.

Nilikwenda juzi. Nilimchukua Nyangeta kwa miguu. Alifika kwenye lango la gereji akashika bega, nikamwacha hapo, namwona, ananiona.

Gari lilikuwa juu ya mawe ya kushikilia, ubavu wa kushoto umenyooshwa lakini haujapakwa rangi, bati tupu. Fundi alikuwa peke yake, ameinama kwenye boneti. Amezeeka. Kovu la paji la uso limeingia chini ya kofia.

"Shikamoo," nikasema. Hasira haifuti adabu.

"Marahaba. Mama Nyangeta, afadhali umekuja. Baba Nyangeta kaenda Bweri, na hii kazi haifanywi na mtu mmoja. Ingia ukanyage."

"Sikuja kukanyaga."

"Najua ulichokuja nacho. Kanyaga huku unasema."

Nikaangalia chini ya boneti. Ile masta ya Mugango haikuwepo. Mahali pake kulikuwa na nyingine, ndefu, imechafuka mafuta ya gari lingine, na juu yake vifuniko viwili. Viwili. Juu yake, kwenye bati, ile alama ya njano.

"Ya nini hii?"

"Ya basi dogo. Lilikufa Bunda."

"Si unasemaga kipuri cha kuazima hakijui nyumbani?"

"Kitajifunza," akasema.

Akaingia chini ya gari, upande wa gurudumu la nyuma, na spana na chupa yenye mpira mwembamba. Kazi yenyewe ni kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwenzake anafungua skrubu ndogo gurudumuni, mafuta yanatoka na upepo, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Ukiachia kabla, upepo unarudi. Kila kitu kinategemea mguu wa aliye juu. Nilikaa kwenye kiti chake. Sijawahi kukikalia.

"Pampu," sauti ikatoka chini. "Pampu. Pampu. Shikilia."

Nikashikilia. Akafungua, pedali ikazama taratibu chini ya mguu wangu, vilevile goti lake lilivyozama siku ile. Akafunga.

"Achia."

Sikuachia.

"Mama Nyangeta, achia. Nimefunga."

"Nilikuuliza nini siku ile Butiama?"

Upepo wa ziwa ulikuwa unapiga mabati.

"Nilikwambia breki ziko sawa," akasema.

"Hilo ni jibu. Mimi nataka swali. Nilikuuliza nini?"

"Achia kwanza, tunapoteza kazi."

"Miguu yangu haijachoka."

Niliona miguu yake tu, imetokeza nje, viatu vya ngozi vilivyokatwa visigino.

"Uliuliza kama nimebadilisha," akasema.

"Na?"

"Sikuwa nimebadilisha."

"Ulijua?"

"Nilijua." Alisema kwa sauti yake ya siku zote, ilinibidi niiname nisikie. "Uliponisomea tu nilijua. Nilikwambia upeleke mbele kwa sababu nilijua."

"Kwa nini, Fundi? Ufunguo wa mtu uliuweka kichwani kwako kwa ajili ya breki."

"Vyote vilikuwa vimerudi. Vyote. Ilibaki ile tu. Nikaona nikitia ya basi, wale waliolitengeneza nitakuwa nimewaharibia."

"Wale waliitoa wenyewe."

"Waliitoa wenyewe," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Wao kosa lao walilitoa. Mimi nikaenda kulitafuta ziwani nikalirudisha. Halafu nikampakia mtoto wako."

Hapo nikaachia. Sikumwambia nimesamehe na yeye hakuomba. Tulizunguka magurudumu yote bila neno jingine isipokuwa pampu na shikilia na achia, na kwa kila gurudumu pedali ilikuwa inapanda, mpaka ikawa ngumu, haizami tena hata ukikanyaga kwa kisigino. Nilipoinua macho Nyangeta alikuwa ametoka langoni. Amesimama karibu na miguu ya Fundi, mkono begani, anachungulia chini ya gari.

Fundi akatoka, akajifuta mikono. Akatia mkono kwenye mfuko wa ovaroli akatoa kalamu ya nta, ya njano, mpya. Akaniwekea kiganjani.

"Kule," akasema, "aliyekagua ndiye anaandika. Bila alama halitoki. Hapo chini ya ile yao pana nafasi."

"Harusi ni Jumamosi."

"Najua."

"Watu wa Bunda wameshaambiwa."

"Halitoki bila alama," akasema. "Wa kuandika ni wewe."

Mume wangu akarudi wakati huo na kopo la rangi, akasimama langoni. Aliangalia kalamu, akaniangalia mimi. Nilirudi kwenye kiti, nikakanyaga tena pedali kwa nguvu zangu zote, nikahesabu pumzi, haikuzama. Nikashuka. Nikapiga magoti nikaangalia kila gurudumu kama kuna unyevu, jinsi alivyonifundisha mwenyewe, nikapitisha kidole. Pakavu.

"Lilale hivi," nikamwambia. "Kesho nakuja kukanyaga tena. Na keshokutwa. Nikikuta tone moja chini, bibi harusi atapanda bodaboda."

"Sawa, mkaguzi," Fundi akasema. Hakuwa anatania, na mume wangu alikuwa ameshafungua mdomo acheke, akaufunga.

Nikaitia kalamu mfukoni mwa gauni langu, nikamshika Nyangeta mkono, tukatoka kwa miguu.

"Mama," akaniuliza tulipofika barabarani, "gari imepona?"

"Bado," nikamwambia. "Bado tunaiangalia."